Sanamu za shaba za Tamil Nadu: mungu anayeogeshwa, anayevishwa, anayetembezwa mtaani na aliyeshinda kesi London

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Ukitaja India hapa kwetu, swali la kwanza ni "nani anaumwa?" Wengi tunaijua Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, kwa hospitali zake, na mimi pia nilifika huko kumsindikiza mgonjwa (amepona, tunamshukuru Mungu). Katika zile siku za kusubiri majibu nikaanza kuingia Makumbusho ya Serikali pale Egmore. Yapo tangu mwaka 1851, na yana ukumbi wa sanamu za shaba ambao ulinishika kiasi kwamba tangu wakati huo nimekuwa nikisoma habari zake kila nikipata nafasi, na nikirudi India napanda treni kwenda kusini zilikotoka.

Nafungua uzi huu kwa sababu sanamu hizi zinasifiwa dunia nzima kama kilele cha sanaa ya Asia, na sifa hizo ni haki yake, lakini karibu kila anayezisifu anaziona zikiwa zimesimama peke yake ndani ya kioo, zimemulikwa taa. Hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Zilitengenezwa zitoke nje. Ukilielewa hilo, kila kitu kwenye maumbo yake kinaanza kuwa na sababu. Hiyo ndiyo hoja yangu na nitaitetea hadi mwisho wa uzi.

Tuanze na zama zenyewe. Wafalme wa Chola walitawala kusini mwa India tangu katikati ya karne ya 9 hadi mwaka 1279. Utajiri wao ulikuwa mpunga wa bonde la mto Kaveri, na baadaye biashara ya baharini. Rajendra wa Kwanza alituma merikebu za kivita hadi Srivijaya, upande wa Sumatra, mwaka 1025. Baba yake, Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 985 hadi 1014, ndiye aliyejenga hekalu kuu la mungu Shiva mjini Thanjavur, likakamilika mwaka 1010. Mnara wake wa mawe unapita mita 60. Kinachonivutia mimi zaidi ya mnara ni maandishi yaliyochongwa kwenye kuta zake: nani alitoa sanamu gani ya shaba, ina urefu gani, ina mikono mingapi, imepewa vito gani na uzito wake. Kuna hadi orodha ya wanawake 400 wa kucheza ngoma za hekalu, pamoja na nyumba walizogawiwa. Ni daftari la mali, ila mwenye mali ni mungu.

Yupo pia malkia mmoja ambaye hapewi nafasi yake: Sembiyan Mahadevi. Alifiwa na mumewe katikati ya karne ya 10, akatumia miaka iliyobaki kujenga upya kwa mawe mahekalu yaliyokuwa ya matofali na kuyapa sanamu. Umbo la Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, lile ambalo leo kila mtu analijua, lilienea sana kupitia mahekalu yake.

Sasa kwa nini shaba? Ndani kabisa ya hekalu la Shiva, kwenye chumba kidogo chenye giza, kuna nguzo fupi ya jiwe iitwayo linga. Hiyo haiondoki mahali pake. Na si kila mtu aliruhusiwa kuikaribia. Watu wa matabaka ya chini walizuiwa mlangoni kwa karne nyingi, hadi sheria ya kuwafungulia mahekalu ilipopitishwa mkoani Madras mwaka 1939. Kwa hiyo alihitajika mungu wa kutoka: wa shaba, mwenye uzito unaobebeka, asiyevunjika njiani. Niseme ukweli wote, hata misafara hiyo ilikuwa na mipaka, kwani mitaa ya waliotengwa mara nyingi ilirukwa, na ugomvi wa jambo hilo haujaisha hadi leo. Lakini mzee asiyeweza kutembea, mgonjwa, na mjane aliyejifungia ndani, mungu alikuja hadi barazani kwao.

Naendelea na jinsi zinavyotengenezwa.

#2 Mleta uzi

Kilomita chache kutoka Kumbakonam kuna mji mdogo uitwao Swamimalai. Hapo ndipo koo za mafundi bado zinatengeneza sanamu hizi kwa njia ileile ya nta. Karakana ni za kawaida kabisa: sakafu ya udongo, moshi, redio inaimba pembeni.

Kazi huanza na ukanda wa jani la mnazi. Fundi hakamati rula. Anakata ukanda wenye urefu sawa na sanamu itakayokuwa, kisha anaukunja: nusu, robo, na kuendelea, hadi mikunjo inampa urefu wa uso, kutoka kidevu hadi nywele zinapoanzia. Uso huo ndio kipimo cha mwili mzima. Umbali wa kitovu, upana wa mabega, unene wa paja, vyote vinahesabiwa kwa nyuso na sehemu za uso. Fundi mmoja alinipa ukanda wake niushike. Ulikuwa mwepesi, umekaukia, mikunjo imechanika nusu, na juu yake hakuna namba hata moja. Vipimo vyote viko kwenye mikunjo, na maana ya kila mkunjo iko kichwani mwake.

Halafu nta. Nta ya nyuki huchemshwa na utomvu mgumu unaofanana na sandarusi, pamoja na mafuta ya karanga. Ikipoa inakuwa ngumu ya kutosha kuchongwa, ikisogezwa karibu na makaa inalainika. Fundi anatengeneza kichwa peke yake, mikono peke yake, kiwiliwili peke yake, anaviunganisha kwa kisu cha moto, na katikati ya kazi anatumbukiza kwenye maji baridi ili umbo lisilegee. Mapambo ya shingoni na kiunoni ni nyuzi nyembamba za nta zilizosokotwa kwa vidole.

Umbo la nta likikamilika linapakwa udongo laini sana wa Kaveri. Tabaka hili la kwanza ndilo linaloshika kila mstari, hata kope. Linaachwa likauke kivulini, kisha yanafuata matabaka mazito yenye mchanga, na sanamu kubwa hufungwa nyaya za chuma ili kalibu isipasuke. Kalibu inapashwa moto, nta inayeyuka na kutoka kwa tundu, ndani linabaki pengo lenye umbo la mungu. Hapo hapo madini yaliyoyeyushwa yanamiminwa. Kwa desturi ni madini matano: shaba kwa wingi, kisha bati, zinki au risasi, na kiasi kidogo sana cha fedha na dhahabu. Waumini wengi wanaoagiza sanamu huleta kipande chao cha dhahabu, pete au hereni, kikatupwa kwenye chungu.

Likipoa, udongo unavunjwa. Kalibu haitumiki mara mbili, ndiyo maana sanamu mbili za namna hii haziwezi kufanana kabisa. Na nyingi hazina uwazi ndani, ni shaba tupu kutoka juu hadi chini, jambo linaloeleza uzito wake. Siku hizi fundi hukaa na tindo na tupa kwa wiki nyingi akimalizia nakshi. Wale wa zamani za Chola walimaliza karibu kila kitu kwenye nta, wakagusa shaba kidogo tu, ndiyo maana sanamu zao zina ule ulaini ambao za sasa, kwa macho yangu, hazijaufikia.

Macho ni ya mwisho. Yanafunguliwa kwa ibada maalumu, kwa chombo cha dhahabu, na mungu huonyeshwa kwanza vitu vya heri, kama ng'ombe na ndama wake, kabla hajawatazama watu.

#3 Mdau, Mwanza

Mkuu nimeweka kambi hapa, endelea kushusha. Swali moja. Nimeangalia picha mtandaoni, hizi sanamu zina viuno, mabega, mapambo yote yamechongwa. Lakini picha za kwenye mahekalu naona zimefunikwa nguo na maua hadi unaona uso tu. Sasa kazi yote ile ya fundi ilikuwa ya nini?

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo watu wa makumbusho wengi wanalikwepa.

Hekalu la Shiva la Kitamil linaamka kabla ya jua. Mungu anaamshwa kwa nyimbo, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, anapokea wageni, mchana anapumzika, jioni anapokea tena, usiku anapelekwa kulala. Ni ratiba ya mfalme. Kuoga kwenyewe, hasa siku za sikukuu, ni shughuli: maziwa, mtindi, asali, samli, maji ya madafu, manjano, liwa ya msandali, majivu matakatifu, vyote vinamwagwa juu ya sanamu kimoja baada ya kingine, na katikati kila mara maji safi. Akishakaushwa anavishwa hariri, anatiwa vito vya dhahabu halisi juu ya vile vya shaba, anazungushiwa asumini. Hapo ndipo pazia linafunguliwa, kengele zinapigwa, na watu wananyanyua mikono juu ya vichwa. Muumini hajaja kumtazama mungu tu, amekuja ili naye atazamwe. Ndiyo maana uso hauwi chini ya maua hata siku moja.

Kwa hiyo ni kweli, kiuno na mgongo ambavyo wanahistoria wa sanaa wanaviandikia kurasa, waumini wengi hawajawahi kuviona vizuri. Jibu langu ni kwamba fundi hakuwa anawachongea watazamaji. Mwili wa mungu lazima uwe kamili kabla haujavishwa, kama ulivyo wa mtu mwingine yeyote. Mgongo wa Parvati, mke wa Shiva, wenye mikufu iliyoshuka na pindo la nguo lililokunjwa, umechongwa kwa uangalifu uleule wa uso, na fundi alijua kabisa utafunikwa.

Ukipata nafasi ya kuiona sanamu kwa karibu, angalia vitu viwili. Kwanza kitako chake. Utakuta matundu au pete pembeni. Humo ndimo zilipitishwa kamba na fito za kuifunga kwenye jukwaa linalobebwa mabegani. Pili, angalia uso. Sanamu zilizobaki kwenye ibada miaka mingi zina nyuso zilizolika, pua imelainika, midomo imekaribia kupotea, kwa sababu ya karne nyingi za kusuguliwa na kuogeshwa. Zenye nyuso kali, kila mstari upo, mara nyingi ni zile zilizokaa ardhini muda mrefu. Makumbusho yanazipenda hizi za pili. Mimi nazitazama zile zilizolika kwa heshima zaidi, kwani kila kilichopotea pale usoni kilichukuliwa na mikono ya watu waliokuwa wakiabudu.

Ipo moja mjini Thanjavur, kwenye jumba la sanaa ndani ya kasri la zamani, ambayo siwezi kuiacha. Ilifukuliwa Tiruvenkadu katika miaka ya 1950, na maandishi ya hekalu yanaiweka mwaka 1011. Ni Shiva kijana, amesimama, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine, nywele zimesokotwa pamoja na nyoka zikawa kilemba. Mkono wake umeegemea juu ya fahali. Fahali hayupo. Alitengenezwa peke yake na hakupatikana. Kwa hiyo mkono umelala juu ya hewa, na bado mwili mzima umetulia kwa namna ambayo unaamini kabisa mnyama yupo pale, joto lake na pumzi zake.

#5 Mdau, Arusha

Uzi mzuri na nimejifunza. Lakini mkuu niwe wazi, mimi ni mlokole. Kutoka 20 inakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga. Unatuelezea kwa mapenzi makubwa kitu ambacho kwetu ni ibada ya sanamu. Wewe mwenyewe unasimama wapi?

#6 Mleta uzi

Swali la haki, na umeliuliza kwa adabu. Mimi ni Mkristo, ubatizo wangu sijauacha Tamil Nadu. Sina haja ya kusali mbele ya Shiva ili nielewe aliyemtengeneza alikuwa anafanya nini. Ila tukisema "wanaabudu chuma" tunasema jambo ambalo wao wenyewe hawalisemi.

Kwao shaba ikitoka kwa fundi ni shaba. Inaweza kukaa karakanani, ikapigwa tupa, ikakanyagwa na paka. Kuna ibada ya kuitia uhai, na baada ya hapo tu ndipo mungu anahesabiwa yupo. Sanamu ikiharibika au hekalu likifanyiwa ukarabati, kuna ibada ya kumwomba ahamie kwa muda kwenye chungu cha maji kilichofunikwa nazi na majani ya mwembe. Wakati huo maombi yanaelekezwa kwenye chungu, na sanamu inabaki kitu cha kutengenezwa.

Halafu mjadala wako hauko nje ya Uhindu tu. Katika karne ya 12, jirani tu hapo Karnataka, Basava na wenzake walihubiri kwamba mahekalu ya matajiri hayana maana, mwili wa mtu ndio hekalu. Na Arya Samaj, iliyoanzishwa mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, inakataa sanamu kabisa. Ina waumini hadi Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo ukikutana na Mhindu wa Afrika Mashariki usidhani moja kwa moja anasali mbele ya sanamu.

#7 Mdau, Dar es Salaam

Naomba nichangie kama mwenyeji wa mambo haya. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Dar, nimekulia karibu na mtaa wa Kisutu. Sisi wengi huku asili yetu ni Gujarat, si Kitamil, kwa hiyo hizo sanamu za Shiva anayecheza hatukukua nazo. Nyingi za kwetu ni za marumaru, zimepakwa rangi, macho makubwa. Lakini ratiba aliyoeleza kaka hapo juu ni hiyohiyo. Marehemu bibi yangu alikuwa hapiki chakula akakionja kabla ya kumpelekea Bhagwan (Mungu) sahani yake. Mchana pazia linafungwa kwa sababu anapumzika, na sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele uani. Wakati wa baridi kidogo, mwezi wa saba, bibi alikuwa akimfunika shali Krishna wetu mdogo wa nyumbani.

Watu wakiniuliza kama naamini jiwe linasikia baridi, najibu hivi: bibi alikuwa na mapenzi na Mungu, na mapenzi yanataka kuhudumia. Huwezi kumfunika shali Mungu asiye na mahali. Alikubali kuwa mdogo ili bibi yangu apate cha kumfanyia. Ndivyo tulivyofundishwa.

Na asiyewahi kuona, siku inayofuata Diwali pitia mandir (hekalu) yoyote ya madhehebu ya Swaminarayan, Dar, Mombasa au Nairobi. Vyakula vinapangwa mbele ya miungu ngazi kwa ngazi hadi unashindwa kuhesabu, na wageni wanakaribishwa.

#8 Mleta uzi

Dada, ahsante sana. Hilo la shali limebeba zaidi ya aya zangu zote hapo juu.

Sasa Shiva anayecheza, Nataraja, kwa sababu najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Ana mikono minne. Wa kulia wa nyuma umeshika kingoma kidogo: mlio wake ndio unaoanzisha ulimwengu. Wa kushoto wa nyuma umeshika moto unaoumaliza. Wa kulia wa mbele umeinua kiganja: usiogope. Wa kushoto wa mbele umepita mbele ya kifua, umelegea kama mkonga wa tembo, unaelekeza chini kwenye mguu ulioinuliwa, na mguu huo ndio kimbilio. Chini ya mguu mwingine amelala kibwengo mdogo, ambaye ni ujinga na usahaulifu. Hajauawa. Amekanyagwa tu, na kwenye sanamu nyingi nzuri ameinua kichwa anamtazama anayemkanyaga. Sikio moja lina hereni ya kiume, jingine ya kike. Kwenye nywele zilizotawanyika kwa kasi ya ngoma amejificha mama mto Ganga.

Uso wake hautoi jasho. Huo ndio ufundi wenyewe. Mwili uko kwenye mzunguko ambao dansa yeyote angekuwa anahema, na uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza. Appar, mtakatifu mshairi wa karne ya 7, aliimba kwamba ukiuona mguu ule ulioinuliwa, hata kuzaliwa binadamu katika dunia hii kunastahili. Aliimba hayo miaka mia kadhaa kabla ya sanamu maarufu tunazoziona leo hazijamiminwa. Ushairi ulitangulia, shaba ikafuata.

Nyumbani kwa Nataraja ni Chidambaram. Pale yeye mwenyewe ndiye mungu mkuu wa hekalu, na mara mbili kwa mwaka, Juni au Julai na tena Desemba au Januari, anatolewa patakatifuni, anapandishwa kwenye gari kubwa la mbao na kuvutwa kwa kamba na maelfu ya watu kuzunguka mitaa minne. Zumari za nadaswaram na ngoma za tavil zinapigwa bila kupumzika, na moshi wa ubani na kafuri unawafanya watu walie machozi hata wasiotaka.

Mdau wa Arusha, hili ni lako hasa. Pembeni ya Nataraja huyo, ndani ya patakatifu hapohapo, kuna pazia. Kuhani analivuta. Nyuma yake hakuna sanamu. Kuna ukuta, na mbele yake zimening'inizwa nyuzi za majani ya dhahabu. Mahali patupu. Waumini wanaambiwa hapo napo ni Shiva, katika hali yake ya anga. Hekalu lenye sanamu maarufu kuliko zote limeweka karibu na sanamu hiyo mahali pa kuabudu pasipo na umbo, na watu wanainama kwa vyote viwili ndani ya dakika zilezile.

#9 Mdau, Muscat

Salaam wakuu. Mimi ni Mswahili wa huku Oman. Kwetu Waislamu imani ilikwenda kwenye maandishi, hati za Kurani kwenye kuta na mazulia ya Kashan, hatuna cha sanamu. Lakini hapo kwenye pazia na mahali patupu nimesimama, nimesoma mara mbili. Mleta uzi, kichwa cha uzi kimesema alishinda kesi London. Tunangoja.

#10 Mleta uzi

Sawa sheikh, tufike huko.

Mwaka 1311 majeshi ya sultani wa Delhi, chini ya Malik Kafur, yalifika kusini kabisa. Makuhani wengi walizika sanamu: waliweka chini ya sakafu za mahekalu, kwenye mashimo yenye mchanga, vyombo vya ibada pembeni. Wengine walikufa na siri yao. Ndiyo maana hadi leo mkulima au fundi wa msingi wa nyumba anagonga shaba na jembe.

Mwaka 1976, kibarua wa kijiji cha Pathur alikuwa akichimba karibu na kibanda chake, jirani na magofu ya hekalu la karne ya 12, akakuta Nataraja na wenzake. Aliuza. Nataraja akapita mikono kadhaa hadi London, na mwaka 1982 kampuni ya Kanada iitwayo Bumper Development ikamnunua kwa pauni 250,000. Alipopelekwa Makumbusho ya Uingereza kufanyiwa matengenezo, polisi wakamkamata. Kampuni ikaenda mahakamani kudai sanamu yake.

Upande wa pili hakusimama serikali ya India tu. Lilisimama hekalu lenyewe, na ikatajwa kama mdai linga ya jiwe iliyokuwa imebaki kwenye magofu. Wataalamu walilinganisha udongo na mabaki ya mchwa kwenye Nataraja na yale ya sanamu nyingine zilizofukuliwa pale. Mwaka 1988 jaji akaamua kwa ajili ya hekalu, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1991. Nataraja akarudi India mwaka huohuo.

Hekalu lile lilikuwa magofu. Hakukuwa na kuhani wala kengele. Lakini mahakama ilikubali kwamba nia ya ibada ya yule aliyelijenga karne nane nyuma haikufa kwa sababu paa limeanguka. Na hili halikutoka hewani. Tangu mwaka 1925, katika shauri la familia moja ya Calcutta, Baraza la Mfalme la London (Privy Council), lililosikiliza rufaa za makoloni, lilishaamua kwamba mungu wa Kihindu ni mtu kisheria, mwenye matakwa yake kuhusu mahali anapokaa, na lazima awepo wa kumsemea. Hakimu wa Kizungu alilazimika kuingiza imani ya fundi wa Kaveri ndani ya vitabu vya sheria, kwa sababu bila hiyo kesi isingeeleweka.

Wizi haukukoma. Nataraja wa Sripuranthan aliibwa hekaluni mwaka 2006, na mwaka 2008 Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, Canberra, likamnunua kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani. Picha za zamani za Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry zilimwonyesha akiwa hekaluni kwake, na mwaka 2014 Waziri Mkuu wa Australia, Tony Abbott, akamrudisha kwa mkono wake mjini New Delhi. Mfanyabiashara wa New York aliyemuuza alikamatwa Frankfurt mwaka 2011, na mwaka 2022 mahakama ya Kumbakonam ikamhukumu kifungo.

#11 Mdau, Kilifi

Mleta uzi, umenigusa pabaya. Mimi ni Mgiriama. Vigango vyetu, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa vinakaa kwenye makumbusho ya Marekani na vimeandikwa "sanaa ya Afrika". Kigango ni mzee wetu aliyefariki, kinachongwa kwa mzee wa chama cha Gohu tu, na kikishasimikwa hakihamishwi hata kama mji wote umehama. Hicho ni kinyume cha huyo mungu wenu anayetembea, lakini kosa lililofanywa ni lile lile. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia iliyoibiwa, na ilikuwa sherehe kubwa. Lakini hakuna aliyekubali mahakamani kwamba kigango chenyewe kina haki. Kingedai chenyewe, mambo yangekuwa tofauti.

#12 Mleta uzi

Ndugu wa Kilifi, umeona mbali. Pathur ilishinda kwa sababu sheria ya India ilikuwa tayari inamtambua mungu kama mwenye mali, na mahakama ya Uingereza ikaheshimu sheria hiyo. Vigango havijapewa hilo. Wanasheria wa Kenya mliomo humu, hapo pana kazi.

Ila nisifiche kinachoniuma upande wa India. Sanamu nyingi zilizorudishwa, pamoja na za mahekalu madogo yasiyo na ulinzi, zimefungiwa kwenye maghala maalumu ya serikali, kubwa likiwa Tiruvarur. Usalama upo. Lakini mungu aliyezoea kuamshwa, kuogeshwa na kutembezwa anakaa kwenye rafu gizani na mamia ya wenzake. Vijiji vingine hupewa sanamu yao siku za sikukuu tu, wanakuja na gari na askari, wanaitembeza, jioni inarudishwa. Nasimama na wanavijiji. Jengeni milango ya chuma, wekeni walinzi, lakini sanamu zikae kwao. Kioo cha Canberra na rafu ya Tiruvarur vimemfanyia jambo moja.

Kwa aliyeniandikia faragha kwamba anampeleka mama Chennai mwezi wa kumi na mbili: makumbusho ya Egmore yanafungwa Ijumaa, usiende siku hiyo. Ukumbi wa shaba uko kwenye jengo lake peke yake. Muulizie Nataraja wa Tiruvalangadu, na Shiva wa Tiruvenkadu aliye nusu mwanamume nusu mwanamke. Treni za kusini nyingi zinaanzia stesheni ya Egmore palepale, na Chidambaram iko njiani kabla ya Kumbakonam. Tarehe ya sikukuu inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo ulizia kabla hujakata tiketi. Mavazi ya heshima, viatu unaviacha nje, na wanaume pale Chidambaram wanavua shati wakiingia ndani. Nenda alfajiri.